Kundi la Galaksi la Baba Limegeuka Nyota

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya mwalimu wangu, mama yangu na wamama watatu wa kanisa, wote kwa pamoja, saa nane mchana, na hata sikuwa nimekula.

Naitwa Naserian. Nasomea digrii ya pili ya mambo ya anga, na nimepanga chumba kimoja hapa Kitengela. Kazi yangu ni kutafuta makundi ya galaksi kwa picha za anga, na kila galaksi ni mabilioni ya nyota. Darubini kubwa huko ng'ambo inapiga picha maelfu, kompyuta inahesabu kila doa la mwanga, halafu mimi natafuta mahali ambapo madoa ya rangi moja yamesongamana. Rangi zikifanana, pengine hizo galaksi ziko umbali mmoja, na hapo umepata kundi. (Ndiyo, kuna watu wanasomea hiyo. Ndiyo, bado tunaulizwa tutaajiriwa wapi.)

Mwezi uliopita nikapata kundi ambalo halikuwa kwa orodha yoyote. Limejaa vizuri, limekaa pamoja.

Baba alifariki mwaka huu, kabla ya mvua. Alikuwa mfugaji huko Kajiado, na hakuwahi kuelewa ninasomea nini, lakini alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake anajua juu kuna nini. Basi nikampigia mama.

"Yeyo, nimepata kundi huko juu. Nataka kuliita Parsaloi."

Hilo ni jina la baba.

"Ni kubwa?" mama akauliza.

"Kubwa sana."

(Kuna kitu sikumwambia mtu. Kabla ya kutafuta makundi, unatakiwa kufunika nyota zenye mwanga mkali, ndiyo zisiharibu hesabu. Na kando ya kundi langu kulikuwa na nyota moja kama hiyo. Kila nikiifunika, kundi linapotea. Nikaacha kuifunika. Nilijiambia iko mbali kidogo. Nilijiambia mambo mengi.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulionyesha, kwa mkutano wa mtandaoni. Saa saba na nusu nikasikia hodi. Nikafungua. Mama, na nyuma yake wamama watatu wa kanisa, wamevaa shanga za sherehe, wametoka Kajiado asubuhi. Mmoja amebeba keki. Juu yake imeandikwa KUNDI LA PARSALOI kwa krimu ya buluu.

"Takwenya," nikawasalimia kwa Kimaasai.

"Iko," wakajibu, wakajipanga wanne juu ya kitanda changu kama kwaya.

"Yeyo, huu ni mkutano wa kazi."

"Hatutaongea. Tutaangalia tu."

Nikaanza. Nikaonyesha picha, nikaonyesha rangi, nikataja jina. Nyuma yangu mama mmoja akasema "Amina" polepole. Halafu Daktari Makena, mwalimu anayenisimamia, akasogea karibu na kamera yake.

"Naserian, hiyo nyota hapo kando. Uliifunika?"

Nikajifanya narekebisha kamera.

"Hebu ongeza mwangaza wa picha."

Nikaongeza. Mwanga wa ile nyota ukatanda kama maziwa yaliyomwagika, ukafunika kundi langu lote. Kompyuta ilikuwa imekatakata huo mwanga vipande vidogo, ikahesabu kila kipande kuwa galaksi. Rangi zilifanana kwa sababu zote zilikuwa za nyota moja.

"Hapa hakuna kundi," Daktari akasema. Alisema kwa upole. Upole ndio ulioniua.

Watu kumi na mmoja wa mkutano walikuwa wananiangalia kwa skrini. Mmoja akazima kamera, na najua alienda kucheka. Nikatafuta mahali pa kuzima maikrofoni. Nilichelewa. Mama alikuwa ameshainama juu ya bega langu.

"Daktari, mimi ni mama yake. Angalia tena. Pengine liko nyuma ya hiyo nyota."

"Pengine, mama," Daktari akajibu. "Lakini hiyo nyota inawaka sana. Hatuwezi kuona nyuma yake."

"Basi tutangoja izime."

Mtu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Daktari akasema tuendelee wiki ijayo, na skrini ikabaki na sura yangu peke yake.

Nikalia. Mbele ya wageni, mtu mzima na digrii yake.

"Yeyo, nilijua," nikasema. "Kompyuta ilinikataza. Nilitaka tu liwe pale."

Mama akanipangusa uso na ncha ya leso yake. "Hata mimi nilitaka," akasema.

Tukakata keki. Kila mtu alikula kipande chake kimya, kama watu wa matanga, na aliyepewa kipande chenye jina alikipitisha kwa mwenzake mpaka kikarudi kwa mama.

Sasa nimekaa nje kwa ngazi, naandika hii. Mama yuko ndani anampigia mjomba wangu huko Loitokitok, na sauti yake ya simu inasikika ploti nzima.

"Si kundi tena. Ni nyota. Ndiyo, ni moja tu. Lakini ni kali, imewashinda wasomi wote."

Mkikutana na mama, tafadhali msimsahihishe. Mimi mnaweza kunicheka, lakini ngojeni basi hata Jumatatu.