Tafiti Zilizokosa Mchapishaji

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini saa mbili kamili. Mimi! Ijumaa mkurugenzi ataamua kama zahanati ziwape watoto dawa mpya ya kikohozi. Mimi na Mama Mizani, mtakwimu wa meza ya pili, tumepewa kazi ileile: kukusanya tafiti zote na kutoa jibu moja. Atakayewahi ndiye atakayesimama mbele ya wakubwa. Suti nimeshaipiga pasi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza! Tafiti tisa zilizochapishwa, zote zinaisifu dawa. Nimezijumlisha: inapunguza kikohozi kwa siku tatu, kosa la makadirio halizidi saa chache. Jibu jembamba kama uzi! Nimempigia dada amnunulie mwanawe. Mama Mizani anapiga simu tu, anauliza watafiti kama wana kazi walizomaliza lakini hazikuchapishwa. Mwendo wa kinyonga.

Jumatano, 5 Machi
Bahasha yake imefika. Nimechungulia. (Dhambi ndogo.) Tafiti sita: dawa haikufanya kitu! Majarida yalizikataa. Nani asome “hatukuona kitu”? Nimeificha chini ya karatasi za printa.

Alhamisi, 6 Machi
Printa imeishiwa karatasi. Nani kaenda kuchukua? Yeye. Balaa! Nikangoja matusi. Akavuta kiti, akapiga hesabu upya mbele yangu. Sita zilipoingia, siku tatu zikabaki moja, na kosa likatanuka siku mbili huku na huku. Pengine haisaidii kabisa! Nikalalamika: tafiti zimeongezeka, mbona jibu limelegea? Akasema, “Mwanangu, wewe uliwahoji washangiliaji tu. Wangepinganaje?” Nikampigia dada aache dawa. Kumbe hakuinunua; tangu lini ananisikiliza?

Ijumaa, 7 Machi
Akasimama yeye. Sauti ya chini, jibu lisilopendeza: bado hatujui, watoto wasipewe. Mkurugenzi akanuna, akakuna kidevu, akakubali. Habari ya bahasha hakuitaja. Alisema kazi tumeifanya wawili. Wawili! Nusura nilie. Mama yule ni chuma.

Jumamosi, 8 Machi
Nampendekeza awe mfanyakazi bora wa mwaka. Nani kama yeye? Nimewapigia wenzetu kumi kutafuta maoni. Saba wamemsifu hadi mate yakawakauka. Watatu wamenung’unika kwamba hukosoa hata salamu. Hao wamekosa nafasi kwenye fomu. Nimeandika: tumehoji watu saba, wote saba wamemkubali. Takwimu hazidanganyi!