Amri Kumi na Nne za Tambi

Jumatatu, 3 Machi

Wamefungua! Mkabala na mlango wa mgahawa wangu kabisa, hatua ishirini na sita, nimezihesabu mwenyewe. Mgahawa wenye matawi arobaini. Kila tawi viti vilevile vyekundu, menyu ileile ya plastiki, tambi zilezile zilizolegea. Na mlangoni wameandika “Ladha Halisi ya Italia”. Halisi! Mimi niliyeosha vyombo miaka mitatu jikoni kwa bibi wa Kiitaliano, mikono kwenye povu, macho kwenye sufuria zake, niseme nini basi?

Na msimamizi wa tawi ni nani? Mwanyumba! Mume wa dada wa mke wangu. Shati lenye nembo, kalamu mbili mfukoni. Mtu ambaye hajui kuchemsha yai.

Sijatishika. Kizuri chajiuza. Nimepaka rangi upya ubao wa Amri Kumi na Nne uliopo ukutani. Amri ya Kwanza: tambi hazikatwi wala hazivunjwi. Ya Tatu: kechapu haivuki kizingiti hiki. Ya Saba: krimu ni chakula cha wagonjwa. Ya Kumi na Moja: nanasi ni tunda, liacheni liwe tunda.

Wateja leo: wanne. Mmoja aliomba krimu. Nikamsomea Amri ya Saba kwa sauti, na maelezo yake. Wateja leo: watatu.

Mke wangu anasema watu huja kula, hawaji darasani. Mwanamke mwema sana. Ila hana maono.

Jumanne, 4 Machi

Jambo kubwa. Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumamosi. Amekiona chakula cha Kiitaliano kwenye televisheni, anataka hichohicho. Watu thelathini na wawili. Kwangu au kwa mwanyumba? Atakuja kuonja Alhamisi, halafu ataamua.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mama mkwe hajawahi kutia chakula changu kinywani. Akinitambulisha kwa wageni husema, huyu ni yule anayeosha vyombo. Nataka neno moja tu litoke mdomoni mwake: mpishi. Nikilisikia, hata nikifa kesho sawa.

Mke wangu ananitakia vilevile. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza, hakuniangalia. Ameniomba kitu kimoja tu: mama akija, ninyamaze. Nimeapa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Miwani ya jua, kofia ya mke wangu aliyovaa kwenye harusi ya mdogo wake. Hakuna aliyenitambua! Wanatoa mkate bure, bila kikomo. Nimekula vikapu vinne, kwa ajili ya utafiti.

Mhudumu akauliza kama nina siku maalumu. Nikasikia kwamba mwenye siku ya kuzaliwa hupewa keki bure. Nikasema ndiyo, ni leo. Lo! Wakatoka tisa kwa mpigo, filimbi midomoni, wakanipandisha juu ya kiti. Miwani ikaanguka. Kofia ikaifuata. Mwanyumba akaja na kipaza sauti, akanitakia maisha marefu mbele ya mgahawa mzima, akauliza mbona siku yangu ya kuzaliwa huwa Septemba.

Lakini sikutoka mikono mitupu! Kutoka juu ya kile kiti nililiona jiko lao. Hakuna kisu. Hakuna kitunguu. Kuna mikasi! Kila alfajiri lori huleta chakula kutoka jiko kuu kikiwa kimegandishwa kwenye mifuko. Wanakata mfuko, wanapasha moto, wanamimina. Basi.

Keki ilikuwa nzuri. Hilo sitalisema popote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Nilisukuma tambi kwa mikono yangu tangu alfajiri, nikazianika kwenye migongo ya viti vyote. Mchuzi wa nyanya ulichemka kwa saa tano. Rihani mbichi juu. Mama mkwe akaketi. Nikasimama kando, kimya. Dakika nne nzima, mke wangu shahidi.

Mama mkwe akashika kisu. Akaanza kuzikatakata. Tambi zangu! Vipande vidogo vidogo, kama anamlisha mtoto asiye na meno. Nikajiuma ulimi. Akaendelea. Nikaukamata mgongo wa kiti. Akaendelea.

Sikumbuki vizuri nilichosema. Kilianza na Amri ya Kwanza na kikaishia ya Kumi na Nne. Nilipomaliza alikuwa ameshafunga mkoba wake. Alisema asante sana, mwanangu, njaa imeisha yenyewe. Hakuonja hata uzi mmoja.

Sherehe ni kwa mwanyumba. Mke wangu amelia jikoni, akidai ni vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimeisha tangu asubuhi. Hanisemeshi. Roho inaniuma, sitaki mzaha leo.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Niandike polepole.

Saa nne asubuhi mlango wa nyuma ukagongwa. Mwanyumba! Kalamu mfukoni hamna hata moja. Lori limeharibika njiani, mifuko yote imeyeyuka. Wageni wanaingia saa saba. Jikoni kwake ana watu sita na mikasi sita, na hakuna hata mmoja anayejua kukaanga kitunguu. Akaniita kaka. Tangu lini? Akaomba niwapikie, lakini kulekule kwake, na mtu yeyote asijue.

Nilitaka kumkumbusha habari ya Septemba. Nilikuwa hata nimefungua mdomo. Mke wangu, ambaye hakuwa amenisemesha siku mbili, alinipita na kapu la nyanya, akavuka barabara. Nikamfuata.

Wakanivalisha aproni yao nyekundu na kofia ya karatasi. Sheria yao: wa jikoni haongei na mgeni. Nikapika kama mwenye mashetani. Wale sita nikawafundisha kushika kisu. Sahani zikatoka. Nikachungulia kwenye kidirisha cha mlango: wanazikatakata! Wote thelathini na wawili! Nikazisoma Amri zote kumi na nne, kwa nguvu, lakini mlango ule ni mzito.

Sahani zikarudi tupu. Nyingine zimepanguswa kwa mkate mpaka zinang'aa. Mama mkwe akaagiza ya pili. Halafu mlango ukafunguliwa, na ni yeye, anataka kumwona aliyepika.

Akaniangalia. Kofia ya karatasi, jasho, nyanya mpaka kwenye nyusi. Akaniangalia tena. Akasema, kumbe mkwe wangu ni mpishi!

MPISHI! Mashahidi sita, wenye visu!

Kisha akamgeukia mwanyumba, akamshukuru kwa kunipatia kazi ya maana hatimaye. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Ndipo akamweleza mama yake kila kitu, lori, mifuko na yote. Mwanyumba akawa anatafuta kalamu zake. Mama mkwe akatamka: Jumapili ya wiki ijayo, ukoo mzima, mgahawani kwa mkwe wangu mwenyewe.

Tukivuka barabara mke wangu alinishika mkono. Akaniuliza kama nimeona. Akasema, umepika bila neno lako kufika mezani, watu wamekula, mama amefurahi. Ni hilo tu. Nikamwambia ana akili sana, nitalitafakari.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari wiki nzima. Kasoro ya siku ile nimeiona: watu walikula vizuri kabisa bila kuelewa wanakula nini! Nimetengeneza ubao mpya, mita mbili. Amri Kumi na Tisa. Tena nimeazima kipaza sauti.

Wamekuja wote. Mama mkwe, gauni jipya, ameleta na jirani yake. Akanishika bega mbele yake, akasema, huyu ndiye mkwe wangu, mpishi. Nikaona giza kwa furaha. Akaonja. Akafumba macho.

Akayafumbua. Akafungua mkoba. Akatoa kichupa cha kechapu.

Kule mwisho wa chumba mke wangu aliweka kidole mdomoni. Nilikiona kidole. Nilikiona vizuri sana.

Nikawasha kipaza sauti.

Wameondoka nikiwa Amri ya Tisa. Thelathini na wawili na jirani, wote ng'ambo ya barabara. Mke wangu alitoka wa mwisho, na alikuwa amebeba sufuria yangu kubwa, mikono miwili.

Nawaona kupitia dirishani. Mama mkwe yuko kwenye kiti chekundu, anapangusa sahani kwa mkate wa bure. Mwanyumba anapakua. Tambi zangu, mchuzi wangu! Kila akija mtu mpya, mama mkwe ananyoosha kidole huku kwangu, na midomo yake naisoma: mpishi.

Na hapa kwangu halijamwagika hata tone moja la kechapu. Ushindi mtupu! Kesho naongeza Amri ya Ishirini: sufuria haivuki barabara.