Pilipili Katikati ya Galaksi

Jumatatu, 8 Juni 2009
Mwalimu mkuu, Bi. Agneta, ametangaza: Ijumaa bodi inachagua mkuu wa idara ya sayansi. Tuko wawili. Mimi, Khisa wa fizikia, fahari ya Bungoma. Na Wacera wa kemia, mzaliwa wa hapa Kitale, anayefundisha kwa chati za ukutani. Chati! Kila mmoja atafundisha mbele ya bodi. Nimechagua galaksi za mbali. Huko Wacera hafiki.

Jumanne, 9 Juni
Nimesoma mpaka macho yakauma. Nyota hupika elementi nzito, oksijeni, chuma, kisha huzimwaga zikifa. Mwendo wa gesi ndio huzigawa. Mara nyingi katikati ya galaksi zimejaa, pembeni haba. Gesi changa ikiingia kutoka nje, huzizimua kama maji kwenye mchuzi. Wacera akanishauri nichore ubaoni tu, bodi itaelewa. Ameogopa!

Jumatano, 10 Juni
Mpango umeiva. Jiko la makaa katikati ya ukumbi: nyota. Pilipili kavu juu yake: elementi. Moshi: gesi. Bodi watakaa pembeni, wanuse kidogo tu. Wacera nimemwekea kiti kando ya jiko. Ati kwa heshima. Hehe!

Ijumaa, 12 Juni
Balaa! Nilisema, "Waheshimiwa, tazameni gesi inavyotembea." Ikatembea. Wacera, machozi yakimtiririka, akakimbia kufungua dirisha. Upepo wa mlima Elgon ukaingia, ukabeba elementi zote hadi pembeni. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kibe, akakohoa mpaka meno ya bandia yakaruka. Bi. Agneta akauliza kama nimerogwa. Nikamjibu kwamba ndivyo hasa mwendo wa gesi unavyotawanya elementi. Hakuna aliyeandika! Wacera akawapa wote maji, akawatoa nje, akafundisha kwenye nyasi. Wakampigia makofi. Na macho mekundu vile!

Ijumaa, 19 Juni
Wacera ndiye mkuu wa idara. Mimi, uhamisho hadi shule moja ya Cheptais. Wacera amekuja kuniaga. Akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, unajua kufundisha. Lakini chaki inatosha, bana." Nikamshukuru. Ana wivu tu.
Mwalimu mkuu wa huko Cheptais amepiga simu. Anaomba niwazungumzie wazazi habari za nyota. Nimekubali. Watu husahau mchoro, hawasahau mlipuko. Nimemwomba aniandalie mtungi wa gesi ya kupikia. Uliojaa.