Nyufa, Kurasa Mia Sita na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka maktaba. Mkutubi anasema kitabu changu kuhusu nyufa za kuta hakijaazimwa kwa miaka tisa. Kisipopata msomaji kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kitaondolewa rafuni na kupelekwa ghalani, vilipo viti vibovu. Viti vibovu! Miaka kumi na minane nimepima nyufa kwa rula, nimepiga magoti katika nyumba za watu.

Kuna nafasi moja. Jumamosi, waandishi wawili wa chuo watawaeleza watu wa kawaida yaliyomo vitabuni mwao, dakika kumi na tano kila mmoja. Anayetaka kuazima ataandika jina kwenye daftari mlangoni. Jina moja linatosha, anasema. Nimedharauliwa.

Mwandishi wa pili ni Kicheko.

Jumanne, 4 Machi
Kicheko nilimfundisha mimi, na jina hilo la utani nilimpa mimi. Ameandika kuhusu mchwa. Kurasa tisini, zenye picha. Chuoni nilimpunguzia alama kwa sababu tasnifu yake ilieleweka upesi mno.

Nimempigia simu mkutubi, nikadai nizungumze wa mwisho. Anayezungumza mwisho hana wa kumjibu. Amekubali bila ubishi. Simwamini.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu ameuliza tena kuhusu ufa wa sebuleni, ule unaopanda mshazari kutoka dirishani hadi darini. Nimemwambia jibu limo sura ya tisa, ila haieleweki bila ya nne, na ya nne haieleweki bila dibaji. Akasema, "Mzee, mimi nimeuliza ukuta, sikuuliza kitabu." Akaenda jikoni kugonganisha sufuria.

Hotuba imekamilika. Tanbihi arobaini na moja. Nitazisoma zote.

Jumamosi, 8 Machi
Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Kicheko alitumia dakika tano kwa mchwa. Zilizobaki akazitumia kwa kitabu changu! Aliwaambia mwalimu wake ndiye aliyemfundisha kusoma kuta. Ufa uliosimama wima ni uzee wa nyumba. Wa mshazari ni ardhi inayohama chini ya msingi. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, alisema, na ukiivuka kabla ya mwezi kwisha, mwiteni fundi. Kisha akaninyooshea mkono, akasema yote yamo katika kitabu cha Mwalimu. Makofi. Majina kumi na moja yaliandikwa kabla sijasimama.

Nikasimama. Hotuba nikaiweka kando. Kwa dakika kumi na tano niliwathibitishia kwamba amerahisisha. Kwamba nyufa za mshazari ni za aina thelathini na nne. Kwamba asiyejua hesabu za udongo hatafika ukurasa wa ishirini. Seremala mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole kama basi kitabu hakiwafai wao. Nikamjibu kwamba hatimaye kuna mtu aliyesikiliza.

Walipanga foleni mlangoni. Walikuwa wakifuta majina yao, wote kumi na mmoja. Kicheko alinifuata hadi barazani, akasema, "Mwalimu, wale walikuwa wasomaji wako." Nilikuwa nahesabu makosa yake. Nilikuwa nimefika saba.

Ijumaa, 14 Machi
Jana mke wangu alikwenda maktaba akakiazima. Mkutubi alimwambia kitabu kimepona. Nilimkuta sebuleni amekipakata, nikamsogezea taa.

Kisha nikaona ukurasa. Mia tatu na nane. Sura ya tisa! Dibaji hajaigusa. Anasema aliweka alama ya penseli ukutani Jumamosi, aliporudi kutoka kumsikiliza Kicheko, na ufa umeshaivuka kwa vidole viwili, kwa hiyo anataka kujua tuhame au tubaki. Nilimwambia kitabu hakisomwi hivyo, nikakichukua.

Leo nimekirudisha. Nilimwagiza mkutubi afute jina la mke wangu mpaka atakapokuwa tayari. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilisisitiza. Akakibeba hadi ghalani mbele ya macho yangu.

Mke wangu amehamia kwa dada yake. Mimi nimekaa sebuleni, chini ya dirisha, naiandikia maktaba barua ya malalamiko. Chokaa inadondoka kwenye karatasi. Nimeipuliza mara tatu. Nimeanza na dibaji.