Balozi Nyuma ya Nguzo

Jumatatu, 4 Agosti

Hatimaye! Mpango wa viti vya karamu ya wizara umeangukia mikononi mwangu. Mkuu wetu wa itifaki anaumwa jino. Mwenzangu wa ofisini, yule dada ninayemwita Kiherehere, aliutaka kufa kupona. Kaambulia maua. Apambe!

Miaka yote balozi wa wale waliotutawala huketi mkono wa kuume wa waziri. Kwa nini? Kiherehere alijibu eti ndio utaratibu wa dunia. Utaratibu! Waliingia bila hodi, wakagawana vyumba vyetu, kisha wakatufundisha adabu ya mezani. Safari hii atakaa nyuma ya nguzo, jirani na mlango wa jikoni. Babu yangu aliwabebea mizigo. Acha acheke huko aliko.

Jumatano, 6 Agosti

Kiherehere kauona mpango. Kasema nitafukuzwa. Nikamwambia ana mawazo ya kitumwa. Kasema sawa, lakini ana kazi. Mke wangu naye kauliza kama nguzo ndiyo itakayolisha watoto. Nimezungukwa na waoga!

Ijumaa, 8 Agosti

Balozi kaja, kaona kadi yake, kakaa. Hata kununa hakununa! Tena kahudumiwa wa kwanza, chakula kingali moto, maana sahani zote hutokea mlango ule ule. Sikuliwaza hilo.

Mara waziri kainuka kwenda kumsalimia. Kavuta kiti. Hakurudi. Mabalozi wengine wakamfuata, kila mmoja na kiti chake, kama kuku waliomwagiwa mtama. Matunda yalipoletwa, meza kuu tulibaki mimi na maua ya Kiherehere. Waziri kasomea hotuba kule kule nyuma ya nguzo. Mada: usawa wa mataifa. Makofi, na vicheko vya balozi. Sikumwona hata pua.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkuu kapiga simu. Nikajua nimekwisha. Kumbe balozi kanisifu! Hajawahi kukaribishwa kama mtu wa nyumbani namna ile. Kuanzia sasa kiti cha nyuma ya nguzo ni chake rasmi, na waziri atakaa kando yake.

Kiherehere kacheka mpaka kashikilia ukuta. "Kaka, popote anapokaa yule, hapo ndipo panapokuwa mbele. Bado tu hujaona?"

Upuuzi mtupu. Kosa lilikuwa la nguzo: ilikuwa karibu mno. Karamu ijayo namweka barazani, nje kabisa. Nimeshapima. Panaenea kiti kimoja tu.