Goti la Kapteni

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mwenye duka la vichezeo ametangaza: Jumamosi atachagua sanamu moja tu ya shujaa, aiweke katikati ya dirisha lake la kioo mwezi mzima. Sharti ni moja. Ipige goti kama binadamu, bila kuegemezwa. Kaka wa mke wangu, yule anayejiita Profesa, keshaanza kujitapa kwamba dirisha ni lake. Thubutu! Hajamwona Kapteni wangu. Kweli, kwa sasa Kapteni ana miguu mikavu kama ya meza. Lakini mimi nina akili, na nina bisibisi. Mke wangu kauliza kama mtu mzima na ndevu zake hana kazi nyingine ila wanasesere. Nimejitia hamnazo.

Jumanne, 4 Juni

Miguu imegoma kuchomoka. Plastiki hulainika kwa moto, kwa hiyo nikamtumbukiza Kapteni, miguu chini, kwenye chupa ya chai, nikaifunga. Chai ilikuwemo, lakini moto ni moto! Nikatoka kununua msasa. Kurudi, nakuta mama mkwe amekuja kututembelea na amemiminiwa kikombe. Ndani ya kikombe, mguu. Na kiatu chake.

Mama mkwe hasemi nami. Mke wangu kasema nimwombe radhi leo hii. Nitaomba, haraka ya nini? Kwanza mguu umelainika vizuri ajabu, na chai imeipa plastiki rangi ya ngozi kabisa. Profesa atajuta kunifahamu!

Jumatano, 5 Juni

Nimekata magoti ya zamani. Mapya yanataka kitu cha mviringo kinachozunguka. Mama mkwe alikuwa anaoga, mkufu wake uko mezani. Shanga zote hizo! Nimechukua mbili tu. Zilikuwa zinalegea, nikazipaka rangi ya kucha ya mke wangu, sasa zinashika barabara. Kapteni anachuchumaa! Nimeruka hadi nikagonga taa.

Alhamisi, 6 Juni

Kuchuchumaa si kupiga goti. Lazima kuchunguza goti la kweli, na la karibu ni langu. Nikapiga goti sebuleni, Kapteni sakafuni mbele yangu, nikawa namrekebisha kidogo kidogo. Akakaa sawasawa! Nikataka kuinuka nishangilie. Goti langu likalia ko! Likakwama palepale. Nikapiga yowe.

Akaingia mama mkwe. Akanikuta nimepiga goti, machozi yananitoka. Akalainika papo hapo. Kasema siku zote alijua nina adabu, na yamekwisha, niinuke mwanawe. Akainama kunishika mkono. Ndipo akaziona shanga zake.

Amehamia kwa Profesa. Kapteni kaondoka naye, eti shanga ni mali yake na mwili uzifuate.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepita dukani nikichechemea, bendeji gotini, kwenda zahanati. Kapteni yuko katikati ya dirisha! Amepiga goti kama mtu aliyezaliwa na mama! Watu wameziba njia kwa kumsifu. Nilitaka kulia kwa furaha, mpaka nikaona kibao: Kazi ya Profesa. Mwenyewe alikuwa anapeana mikono, mama yake pembeni, kanuna. Nikapaza sauti kwamba goti lile ni langu. Mwenye duka akaangalia bendeji yangu, akanipa pole.

Mke wangu kasema mama yake yuko tayari kusema ukweli mbele ya watu wote. Anachotaka ni kuombwa radhi tu, kwa moyo safi, kabla duka halijafungwa leo. Nimeapa kwamba nikitoka zahanati naenda moja kwa moja. Mkosaji ni mimi, nimekiri.

Sasa niko kitandani kwa daktari. Kona ile pale amesimamisha kiunzi cha mifupa cha kufundishia. Goti lake lina springi. Springi! Shanga zimepitwa na wakati! Kapteni wa pili ataweza kukimbia!

Mama mkwe atasubiri kidogo. Daktari katoka kutafuta bendeji nyingine, na bisibisi ninayo mfukoni.