Umeme Wangu Usioisha

Alhamisi, 12 Juni 2025

Transfoma ya mtaa wetu hapa Chuno ililipuka jana, umeme hakuna. Simu yangu asilimia mbili. Na leo ndiyo Felista wa darasani kwetu kaniuliza kwenye meseji kama Jumapili nitamsindikiza kwenye kipaimara cha mdogo wake! Nisipojibu atakwenda na Danieli. Danieli! Mtu anayepulizia manukato hadi begi la shule. Mimi mbele ya Felista huwa bubu, ila kwenye meseji ni wakili. Nikaandika Ndiyo. Nikafuta. Nikaandika Ndiyo kabisa. Nikafuta. Simu ikazima.

Ijumaa, 13 Juni

Mama ni mwalimu, laptop yake bado ina chaji. Kaonya isiguswe, mtihani wa darasa la sita umo ndani na haujachapishwa. Nimeigusa.

Mjinga angechomeka simu kwenye USB, akajibu, basi. Felista akiuliza nitavaa shati gani, simu inazima tena! Mimi naona mbali. Nimechomeka pawabenki kwenye laptop, kisha waya wa pili kutoka pawabenki kurudi kwenye laptop. Zinachajiana. Taa zote zinawaka! Zikijaa ndipo nichaji simu.

Kaka Frank, yuko likizo na PCM yake ya fizikia, kemia na hesabu, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti dogo, unamimina maji toka ndoo hadi sufuria, unayarudisha kwenye ndoo, unangoja yaongezeke? Nikamjibu sawa, kaka. Moyoni: wivu tu. Miaka yote physics, hajagundua hata njiti ya kiberiti.

Jumamosi, 14 Juni

Laptop imezima. Pawabenki imezima, ina joto kama kikaango.

Mama hakufoka. Heri angefoka. Kaniita baba mgunduzi, kanituma niipeleke laptop Chikongola, stationery kwa Mwanahamisi mwenye jenereta, na simu yangu niichaji hukohuko. Nikafika, nikasimama mlangoni. Watu wakanipita. Mwanahamisi akapaza sauti: we kaka mrefu, unanunua au umekuja kutukagua? Duka zima likageuka.

Nikanunua kalamu. Nikarudi na laptop na simu, zote zimezima vilevile.

Mama anauandika mtihani upya kwa kalamu hiyo.

Jumapili, 15 Juni

Felista kaja mwenyewe getini! Gauni la njano. Danieli nyuma yake, ananukia barabara nzima. Felista kauliza, haya, unakuja au huji? Neno moja tu lilitakiwa. Nilikuwa nalo tangu Alhamisi.

Nikasema simu haina chaji.

Akasema kwani nimeiuliza simu? Wakaenda zao. Danieli kaniambia pole sana mwanangu. Mwanangu! Kanizidi miezi mitatu.

Nimekaa chumbani nikatafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Pawabenki ilikuwa moja. Zikiwa mbili haiwezi kushindikana. Kaka Frank anayo yake, iko chini ya mto, na sasa hivi yuko bafuni.